Ukidhurika na Kamba, Je, Uache na Dagaa?



Ijumaa za Kwaresima nyama hupumzika majumbani mwetu. Anayekaa Kunduchi au Mbweni huteremka ufukweni kungojea ngalawa. Wa Temeke, Tandika na Mbagala hupitia Feri atokapo mjini, au humngoja mchuuzi apite na ndoo yake. Mwenye senti chache hununua dagaa wa fungu. Kwa familia nyingi hicho ndicho kitoweo cha siku, nacho ni kitoweo chema chenye kujenga mwili.

Lakini wapo ndugu zetu ambao tonge moja la wali wa kamba likishapita kooni, midomo huvimba, ngozi hujaa vipele vya kuwasha, na pumzi hubana. Watu hao hupewa ushauri wa namna mbili na majirani, na ushauri wote huo una hatari yake.

Ushauri wa kwanza husema: "Acha kila kitokacho majini." Basi mama anaacha dagaa, anaacha changu na kibua, na watoto wake nao wanakosa kitoweo kilicho rahisi kuliko vyote sokoni. Ushauri wa pili husema: "Wewe umekatazwa kamba tu, kaa kula bila wasiwasi." Naye anakula kaa, na usiku huohuo anakimbizwa hospitali.

Mwezi huu tutazame ni vyakula gani vya majini vina undugu na kamba, na vipi havina. Anayeujua undugu huo hatajinyima bure, wala hatajiingiza katika hatari asiyoitambua.

MZIO NI KITU GANI?

Mwili wa mwanadamu una askari wake, ambao ni kinga ya mwili. Kazi yao ni kupambana na vijidudu vya maradhi. Kwa baadhi ya watu, askari hawa hukosea wakakiona chakula kisicho na ubaya wowote kana kwamba ni adui. Huo ndio mzio, ambao wengi wetu tumezoea kuuita aleji.

Kwanza mwili hutengeneza kingamwili za kukitambua chakula kile. Mara hii ya kwanza huenda mtu asisikie lolote. Siku chakula hicho kinaporudi, kingamwili hukikamata, na kemikali kama histamini humwagika mwilini. Kemikali hizo ndizo zinazowasha ngozi, kuvimbisha midomo na kubana njia ya hewa. Zikizidi, hushusha shinikizo la damu hata mtu akazimia.

Mwaka 1902 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jambo lililowashangaza wengi. Waliwapa mbwa sumu ya mnyama wa baharini kwa kiasi kidogo, na mbwa wakastahimili. Baada ya wiki chache waliwapa tena kiasi kidogo cha sumu ileile, na mara hii mbwa wakafa kwa muda mfupi. Mwili haukuwa umezoea sumu ile, bali ulikuwa umejifunza kuikataa kwa nguvu. Kwa kazi hiyo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Ndiyo maana mtu aweza kula kamba tangu utoto wake, na akadhurika kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 30. Asijidanganye kwa kusema, "Haiwezekani, nimewala miaka yote." Mzio wa kamba mara nyingi huanza ukubwani, na ukishaanza, kwa kawaida haumwachi mtu. Haufanani na mzio wa maziwa au mayai, ambao watoto wengi huuacha wanapokua.

MZIO SI SUMU

Kabla hatujaendelea, tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Ikiwa watu wengi waliokula chungu kimoja wameugua pamoja, hapo shuku chakula kuharibika au kuwa na sumu. Jodari, nguru na kibua wakikaa juani bila barafu, histamini hujitengeneza ndani ya nyama yao, na kuwapika hakuiondoi. Mlaji hupata wekundu usoni, kichwa kuuma, kuwashwa na kuharisha. Dalili zinafanana na za mzio, lakini mtu huyo hana mzio wa samaki. Aliyemdhuru ni samaki aliyekosa barafu.

Kuna pia sumu kali zaidi. Mwezi Machi 2024 katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki dunia, wengi wao watoto, baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine walilazwa. Huo haukuwa mzio. Ilikuwa sumu, na sumu haichagui mlaji.

Mzio huchagua. Watu kumi wanakula sinia moja la wali wa kamba, tisa wananawa mikono wakishukuru, mmoja anavimba. Chakula hakina kosa, na mpishi hana kosa. Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu katika mitaa yetu mtu mmoja akiugua sherehe ya wengi, watu huanza kutafuta nani kamtilia nini. Undugu na ujirani umevunjika kwa dhana za namna hiyo.

KOO TATU ZA VYAKULA VYA MAJINI

Sokoni Feri vyakula vyote hupangwa meza kwa meza, na sisi huviita kwa jina moja, vyakula vya baharini. Kwa mwenye mzio ni lazima avigawe katika koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni wa kamba. Humo wamo kamba wakubwa na wadogo, uduvi, kamba kochi na kaa wa kila aina, akiwemo kaa wa mikoko. Alama yao ni gamba gumu na miguu mingi yenye viungo.

Ukoo wa pili ni wa pweza na chaza. Humo wamo pweza, ngisi, chaza, kombe na konokono. Hawa wana mwili laini usio na mfupa wa mgongo. Wengine wamejificha ndani ya kome, na wengine, kama pweza, hawana kome kabisa.

Ukoo wa tatu ni wa samaki wenye mifupa na mapezi: changu, tasi, kibua, nguru, jodari, pamoja na wa maji baridi kama sato, sangara, perege na dagaa.

Koo hizi zinaishi katika maji yaleyale na hupikwa katika sufuria zilezile, lakini kwa maumbile zinatofautiana sana. Kukaa jirani hakuleti undugu wa damu, na mzio hufuata undugu wa damu.

UNDUGU HUO UMEKAA WAPI?

Nyama ya kila mnyama imejengwa kwa protini nyingi. Katika misuli ya kamba mna protini moja iitwayo tropomiosini, inayosaidia msuli kujikunja na kujikunjua. Mwaka 1993 watafiti walitangaza kwamba hiyo ndiyo protini kuu inayoleta mzio wa kamba. Zipo protini nyingine zenye kuchangia, lakini hii ndiyo kubwa yao.

Tropomiosini ya kamba na ya kaa zinafanana kwa zaidi ya asilimia 90. Kingamwili iliyotengenezwa kumkamata kamba ikikutana na kaa haioni tofauti, ni kama mlinzi wa getini anayewachanganya ndugu wawili mapacha. Ndiyo sababu aliyedhurika na kamba asijaribu kaa wala kamba kochi wala uduvi nyumbani kwake. Madaktari wa mzio hukadiria kwamba mtu mwenye mzio wa mmoja katika ukoo huu aweza kudhurika na mwingine wa ukoo huohuo kwa uwezekano wa hadi 75 kati ya 100.

Kati ya ukoo wa kamba na ukoo wa pweza, kufanana hushuka hadi karibu asilimia 60. Hapa undugu upo, lakini ni wa mbali. Baadhi ya wenye mzio wa kamba hudhurika pia na pweza, ngisi au chaza, na wengine hula bila tatizo. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani kwa njia ya simu na kutolewa mwaka 2004, watu karibu 15,000 waliulizwa habari zao. Kati ya waliokuwa na mzio wa ukoo wa kamba, 14 kati ya 100 tu ndio waliosema wamedhurika pia na ukoo wa pweza na chaza. Hata hivyo 14 si sifuri, na hakuna awezaye kujua kwa kujitazama usoni kama yumo katika hao 14 au la.

Na samaki je? Samaki ana protini nyingine kabisa inayoleta mzio, iitwayo parvalbumini. Kingamwili za kamba haziitambui. Kwa hiyo mtu mwenye mzio wa kamba peke yake kwa kawaida aweza kula changu, kibua na sato bila kudhurika. Wapo wachache wenye mizio yote miwili, lakini hiyo ni mizio miwili tofauti iliyokutana kwa mtu mmoja.

Huenda msomaji akauliza, nyama ya ng'ombe na ya kuku je, hazina tropomiosini? Zinayo, ila imetofautiana sana na ya kamba, na kwa kawaida hailetei mwenye mzio wa kamba madhara.

NDUGU WASIOISHI MAJINI

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ukoo wa kamba una binamu zake nchi kavu, nao ni wadudu. Tropomiosini ya mende na ya utitiri wa vumbi la nyumbani inafanana na ya kamba kwa karibu asilimia 80. Utitiri ni vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopenda magodoro, mito na mazulia katika nchi za joto na unyevu kama pwani yetu. Wengi wenye pumu au mafua yasiyokwisha hapa Dar es Salaam wanaishi na utitiri huo bila kuujua.

Mwaka 2003 ulitolewa utafiti uliofanywa kwa Wayahudi wanaoshika sana sheria ya Musa. Tunakumbuka kwamba katika Kitabu cha Walawi, sura ya 11, wanakatazwa kula chochote cha majini kisicho na mapezi na magamba, kwa hiyo kamba hawajapata kumwonja maishani. Hata hivyo walipatikana miongoni mwao watu wenye mzio wa utitiri ambao, walipopimwa kwa kamba, ngozi zao zilionyesha dalili. Kingamwili zao hazikutoka kwenye kamba. Zilitoka kwenye vumbi la nyumbani.

Funzo ni hili: kipimo cha ngozi au cha damu kikionyesha kamba, bado hakijathibitisha kwamba mtu huyo akila kamba ataugua. Yaweza kuwa ni utitiri au mende. Hata minyoo ya tumbo, ambayo bado ipo kwa watoto wetu wengi, ina tropomiosini inayoweza kuchanganya kipimo. Kwa hiyo daktari mwema hasomi karatasi ya kipimo tu. Atakuuliza: ulikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya muda gani, na je, ilishatokea tena? Kabla ya kumwona, andika majibu ya maswali hayo.

Kwa upande mwingine, wenye asili ya Kagera wanaoletewa senene kutoka nyumbani wawe waangalifu. Senene ni mdudu wa jamii ya panzi, na tropomiosini ya wadudu ina undugu na ya kamba. Aliyekwisha kudhurika na kamba asianze kula senene au kumbikumbi bila kumwuliza daktari. Na aliyewala senene tangu utoto bila tatizo, akija kupata mzio wa kamba ukubwani, amweleze daktari habari hiyo.

DAGAA: KULA AU KUACHA?

Sasa tujibu swali letu. Dagaa ni samaki. Si mtoto wa kamba, wala hana undugu naye. Mwenye mzio wa kamba hana sababu ya kumwacha dagaa kwa kuwa ni dagaa.

Hatari iko katika mchanganyiko. Katika Ziwa Victoria yuko uduvi mdogo wa maji baridi ambaye hunaswa na nyavu za dagaa na kuanikwa pamoja nao. Dagaa wa Mwanza wanaofika kwenye magenge yetu waweza kuwa na vipande vya uduvi ndani yake. Vivyo hivyo sokoni: muuzaji hupima uduvi na dagaa kwa kopo lilelile, na magunia hukaa bega kwa bega.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Nunua dagaa kwa muuzaji asiyeuza uduvi kwenye meza ileile.

2. Mwaga dagaa kwenye ungo, uchambue mmojammoja mahali penye mwanga. Uduvi hujulikana kwa miguu yake mingi, ndevu ndefu na mgongo uliojikunja.

3. Osha kwa maji ya kutosha kabla ya kupika.

4. Ikiwa mwenye mzio aliwahi kubanwa pumzi au kuzimia, kuchambua hakutoshi, kwa sababu unga wa uduvi hubaki. Huyo na apikiwe samaki mzima aliyeparwa nyumbani, kama kibua au changu.

JIKONI, SOKONI NA KWENYE SHEREHE

Wengine hudhani moto mkali huua mzio. Sivyo. Tropomiosini huvumilia moto. Kamba awe wa kuchemsha, wa kukaanga au wa kukausha juani, hatari ni ileile. Protini hiyo hutoka hata katika maji yaliyochemshiwa kamba, kwa hiyo kuondoa kamba wenyewe na kumpa mgonjwa mchuzi mtupu si msaada.

Mafuta ya kukaangia nayo ni njia kubwa ya hatari. Jioni, kando ya barabara zetu na kule Forodhani, Zanzibar, karai moja hukaanga kamba, ngisi, samaki na viazi. Mwenye mzio akila chipsi kutoka karai hilo, aweza kuwa amekula pia masalio ya kamba. Aulize kabla ya kununua, wala asione haya. Kwa wauza pweza pia, kisu na ubao ni vilevile kwa kila kitu.

Mvuke nao wadhuru. Mwaka 1984 madaktari wa Canada walieleza habari za wafanyakazi 303 wa viwanda vya kaa. Karibu 15 kati ya kila 100 walikuwa wamepata pumu kutokana na kazi hiyo, ambayo hutoa mvuke na vumbi la kaa. Ndugu wanaomenya kamba, wanaochemsha kaa au wanaotwanga uduvi wakiona wanakohoa na kubanwa kifua siku za kazi, na kupata nafuu siku za mapumziko, wasilipuuze jambo hilo. Wafanye kazi mahali pa wazi penye upepo, wavae glovu, na waende kupimwa mapema kabla mapafu hayajazoea ugonjwa.

Kwenye sherehe za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara au harusi, na katika chakula cha jumuiya ndogo ndogo, mpishi mmoja hulisha mia. Tunawaomba akina mama wa kamati ya chakula waweke desturi tatu. Kwanza, kila chungu kijulikane kina nini. Pili, kila chungu kiwe na upawa wake, usihame. Tatu, chakula chenye kamba kikae meza ya peke yake mwishoni, na watu watangaziwe. Pilau iliyotiwa kamba wachache "kwa harufu tu" ni hatari zaidi kuliko sahani ya kamba, kwa sababu aliye na mzio hawaoni.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Dalili huanza mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Zilizo nyepesi ni mdomo na koo kuwasha, vipele vinavyovimba kama vya kuumwa na mbu, macho kuwa mekundu na mafua ya ghafla. Dawa za mzio za vidonge, kama setirizini, husaidia kuwasha kwa namna hii.

Zilizo za hatari ni hizi: ulimi au koo kuvimba, sauti kukauka, kukohoa mfululizo, pumzi kutoa mluzi, kutapika mara kwa mara, kizunguzungu, jasho la baridi na kuzimia. Mwenye pumu yuko katika hatari kubwa zaidi. Dalili hizi zikionekana, vidonge havitoshi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, ambayo huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Msipoteze muda. Fanyeni hivi:

1. Mlazeni mgonjwa chali, miguu iinuliwe. Kama anabanwa pumzi, akae akiegemea. Kama anatapika au hana fahamu, alale kwa ubavu. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto.

2. Asisimame ghafla wala asitembee. Shinikizo la damu likiwa limeshuka, kusimama kwaweza kumwua. Tafuteni gari au bajaji, wala msimpakie nyuma ya pikipiki.

3. Mpelekeni kituo kilicho karibu, hata kama ni zahanati. Msivuke kituo cha jirani kwa kuitafuta Mwananyamala, Temeke au Muhimbili. Sindano kwanza, rufaa baadaye.

4. Semeni waziwazi mlangoni: "Huyu ana mzio, amekula kamba, pumzi inabana." Maneno hayo yatamfanya mhudumu atambue hatari mapema.

5. Msimnyweshe maziwa wala mafuta, msimlambishe ndimu, wala msimtapishe kwa vidole. Mtu aliyevimba koo akinyweshwa aweza kupaliwa.

6. Hata akipata nafuu, abaki kituoni kwa saa kadhaa kama atakavyoelekezwa. Mara nyingine dalili hurudi mara ya pili wakati watu wamekwisha kurudi nyumbani.

MASWALI YAULIZWAYO MARA KWA MARA

Nina mzio wa kamba. Je, chumvi yenye madini joto itanidhuru?

Hapana. Mzio huo hutokana na protini ya kamba, si madini joto. Endelea kutumia chumvi hiyo, kwa maana hukinga familia na ugonjwa wa rovu. Vivyo hivyo, mzio wa kamba si sababu ya kukataa dawa ya madini joto inayotiwa mwilini kwa ajili ya picha za hospitali, ila mweleze daktari mizio yako yote.

Nilidhurika na kamba. Je, nionje pweza kidogo nione?

Usijaribu nyumbani. Kama hujala pweza tangu ulipodhurika, mwone daktari kwanza. Majaribio ya namna hiyo hufanywa hospitalini, kidogo kidogo, adrenalini ikiwa mezani. Lakini kama umekuwa ukila pweza mara nyingi baada ya siku ile bila dalili yoyote, hiyo ni habari njema, nawe mweleze daktari.

Mama ana mzio wa kamba. Je, watoto wake wasile?

Watoto waweza kurithi mwelekeo wa kupata mizio, lakini hawarithi mzio wa kamba wenyewe. Wasinyimwe chakula kwa sababu ya mama. Jambo la kuangalia ni vyombo na mvuke jikoni, ili mama asidhurike anapowapikia.

Je, kidonda kikigusa kamba "huchachuka"?

Ni imani ya watu wengi, nayo haihusiani na mzio. Mzio hujulikana kwa dalili zinazokuja upesi baada ya kula, kugusa au kuvuta mvuke, tena hurudi kila mara chakula kilekile kinaporudi.

KWA UFUPI

Aliyedhurika na kamba aache ukoo wote wa kamba: kaa, kamba kochi na uduvi, wawe wabichi au wakavu. Ukoo wa pweza na chaza auweke kando mpaka daktari amwelekeze. Samaki na dagaa aendelee kula, mradi wasichanganyike na uduvi wala wasikaangwe katika mafuta ya kamba. Aandike kwenye karatasi "Nina mzio wa kamba na kaa," aiweke pamoja na kitambulisho chake, na watu wa nyumbani mwake wote wajue njia ya haraka ya kufika zahanati, mchana na usiku.

Na sisi wengine tuwe na subira na mgeni anayeuliza, "Humu mna kamba?" Hadharau chakula chetu. Tumjibu kwa ukweli, na kama hatuna hakika, tumwambie hatuna hakika, tumpakulie kitu kingine.